Begi la Namkunda na Baridi ya Chome

Nilimpeleka binti yangu Chome, juu milimani Upare, mwezi wa Julai nikitaka baridi imshinde. Ninalisema mapema, ili anayesoma asidhani nilikuwa mama mwema njia nzima.

Namkunda ana miaka ishirini na minne. Amesomea kazi za hoteli, na mwaka huu alipata mkataba wa miezi saba kwenye meli ya watalii inayozunguka bahari za kaskazini, kule ambako barafu huelea majini na watu husafiri mbali kwenda kuitazama. Yeye angekuwa akitandika vitanda na kusafisha vyumba. Wakala aliyemtafutia kazi alimtumia kwenye simu orodha ya vitu vya kubeba: fulana mbili za joto za kuvaa ndani, sweta ya sufu, soksi nene, glovu, kofia ya kufunika masikio, koti lisilopitisha maji wala upepo, mafuta ya midomo. Niliisoma orodha ile mara mbili na moyo ukaingia ubaridi. Mtoto huyu alipokuwa na miaka minane alilazwa kwa nimonia. Nililala sakafuni kando ya kitanda chake siku tisa nikisikiliza kifua chake kikikoroma, na tangu hapo sijawahi kumwona akikohoa nikatulia.

Basi nikamwekea sharti. "Twende kwa shangazi yako Chome," nilimwambia. "Julai kule ni baridi tupu. Kaa siku tatu na hizo nguo zako. Zikikufaa, nitakupa radhi uende. Zikikushinda, tuyaache."

Alikubali pale pale. Namkunda ni mtu wa mipango. Kwa wiki tatu alizunguka kwenye mitumba akinunua kimoja kimoja, na kila alichopata alikileta kibandani kwangu. Mimi ni fundi cherehani, niko karibu na stendi ya Same, na vitambaa navijua. Nilimfundisha kuchomoa uzi mmoja na kuuchoma: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, lakini ile ya kiwandani huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sweta mbili alizirudisha kwa muuzaji kwa kipimo hicho. Ya tatu ilikuwa sufu safi, ya kijivu, nzito, haikuwa na tundu hata moja.

Jioni ya kuamkia safari alipanga kila kitu kitandani, akakipiga alama kwenye orodha, akafunga begi. Alipokwenda kuoga nilifungua zipu. Nikaitoa ile sweta ya kijivu na fulana zote mbili za ndani, nikaziingiza kwenye gunia la vipande vya vitambaa, na pale zilipokuwa nikatia kanga mbili ili begi lisilegee. Sikujiona mwizi. Nilijiona mama anayemwokoa mwanawe.

Saa mbili asubuhi tuliondoka Same. Jua lilishakuwa kali, na mimi nilikuwa nimevaa kila nilichokuwa nacho: gauni, sweta mbili za pamba, kitenge juu yake, na koti la marehemu mume wangu. Nimezaliwa Maore, tambarare, na sisi wa huko tukisikia mlima tunajifunga kama mzigo wa ufuta. Namkunda alivaa fulana na koti jepesi. Alinitazama akacheka kidogo. "Mama, hata Mwembe hatujafika."

Baada ya Mwembe barabara ilianza kupanda. Mkonge na miiba vilibaki chini, ikaja migomba, kisha mashamba ya tangawizi yaliyoshikilia miteremko. Kila kona hewa ilibadilika. Karibu saa sita gari likasimama. Usiku ulioamkia siku ile kulikuwa na manyunyu, na mbele yetu udongo mwekundu ulikuwa unateleza kiasi kwamba dereva alizima injini na kusema waziwazi kwamba hatamwaga watu bondeni. Tukashuka, tukatembea.

Ule mwendo wa miguu, saa mbili nzima, ndio ulioniponza. Nilipanda nikiwa na nguo zote zile, jasho likitiririka mgongoni hadi kiunoni. Namkunda aliniambia mara tatu nivue koti. Nikamjibu kwamba nikivua nitashikwa na baridi. Yeye alivua hata koti lake, akalifunga kiunoni, akatembea mikono wazi ndani ya ukungu, na mimi nyuma yake nikisubiri kwa hamu akohoe.

Tulifika kwa wifi yangu Naetwe alasiri. Huyu ni dada wa mume wangu, mjane kama mimi, analima tangawizi na kahawa kidogo. Nyumba yake iko juu ya ndiva, lile bwawa la udongo ambalo Wapare hukusanyia maji ya kijito ili wayafungulie mashambani kwa zamu.

"Shikamoo shangazi," Namkunda alisema akipiga goti.

"Marahaba mwanangu. Ingieni, ingieni, ukungu usiwatangulie." Kisha akanishika mkono. "Wifi, mbona umelowa?"

Nikasema ni manyunyu. Tulikula makande ya moto jikoni, na jua lilipojificha baridi ikashuka kweli kweli. Namkunda alikwenda chumbani kuvaa. Nilimsikia akifungua begi, kisha akitoa vitu kimoja kimoja. Alirudi ameshika zile kanga mbili.

"Sweta haipo," alisema. "Na fulana za ndani hazipo. Mama, si nilizitia? Si ulikuwepo?"

"Sikuangalia," nikamjibu.

Alikaa kwenye kigoda akifungua simu, akaitazama orodha yake yenye alama kila mahali. Nilitegemea alalamikie baridi. Hakuilalamikia. Alirudia tu, kwa sauti ya chini, "Nimepiga alama kitu ambacho sikukitia." Wifi alimtupia blanketi mabegani. Mimi nilitazama moto. Nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema.

Siku ya pili, kabla ukungu haujainuka, baragumu lililia ng'ambo ya bonde. Ilikuwa siku ya msaragambo: kila nyumba inayokunywa maji ya ndiva hutoa mtu wa kwenda kuzoa matope na kuziba kingo. Hakuna wa kulipwa wala wa kubembelezwa. Wifi alikuwa na goti baya, na Namkunda akasema ataenda kwa niaba ya nyumba.

"Utavaa nini?" nikamuuliza.

Wifi akajibu kabla yake. Alitoa gauni kuukuu, jepesi, lililochanika pindo. "Hili. Nguo ya joto hatuendi nayo matopeni. Inabaki kavu kwenye mfuko wa nailoni, inatungoja. Ukimaliza kazi unavua kilicholowa chote, hata cha ndani, unajifuta, ndipo unavaa ya joto. Wageni huivaa mapema, wanatoka jasho, halafu jasho ndilo linalowaua." Aliyasema hayo akinitazama mimi.

Nilikwenda naye nikiwa na chungu cha uji, na nguo zangu zile zile za jana. Zilikuwa hazijakauka, pamba ikinywa maji haiyatoi, nami fundi wa miaka thelathini nilikuwa ninalijua hilo na sikulifuata. Niliketi kwenye ukingo nikawatazama. Watu kama arobaini walikuwa ndani ya lile tope, maji yakiwafika magotini, wakipeana mabonge ya udongo mkono kwa mkono. Namkunda alikuwa katikati ya mstari. Miguu yake ilikuwa myekundu kwa udongo, pumzi yake inatoka kama moshi, na alikuwa anaongea na mwanamke wa pembeni yake. Hakukohoa. Walipomaliza, wanawake waliingia kwenye nyumba ya jirani, wakatoka wamevaa vikavu, wakanywa uji wakiwa wamesimama. Naye alifanya vile vile, kwa sweta ya kuazima.

Mimi ndiye niliyeshindwa kuinuka. Meno yaligongana, vidole havikushika kikombe. Namkunda alinikimbilia, akanivua koti la baba yake pale pale, akanifunga kwa nguo zake kavu, akanitembeza hadi kwa wifi akinisemesha njia nzima nisilale. Alinisugua mikono hadi damu ikarudi. Alinichemshia tangawizi. Mtoto niliyemwogopea baridi ndiye aliyeniondolea baridi.

Alasiri nilikuwa nimepata joto. Tulikuwa watatu jikoni. Namkunda alikuwa akimenya viazi, na bila kuinua kichwa akasema, "Mama, nimeamua. Siendi."

"Kwa nini? Baridi umeiweza."

"Baridi si shida. Shida ni mimi. Nimepanga begi la siku tatu, nimeliangalia mara mbili, nimesahau vitu vitatu vikubwa na wala sikumbuki. Kule ukisahau kitu hakuna wa kukuazima. Tangu jana ninajiuliza ni nini kingine nimepiga alama na hakipo. Mtu wa hivyo hafai kwenda mbali."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Ningenyamaza tu, angebaki Same, ningemwona kila siku. Lakini niliona jinsi alivyokuwa akishika kile kisu, polepole, akikagua kila kiazi mara mbili kabla ya kukitia sufuriani. Hakuwa hivyo. Ni mimi niliyemfanya hivyo kwa siku moja, na ningembakiza nyumbani akiwa hivyo maisha yake yote.

"Hukusahau," nikasema. "Nilivitoa mimi. Viko kwenye gunia la vipande."

Wifi aliacha kuchochea moto. Namkunda aliinua kichwa akanitazama. Sikumwona akikasirika, nilimwona akipanga upya mambo kichwani, jana na juzi, sharti langu, safari nzima. Kisha aliweka kisu chini, akatoka nje.

"Mfuate," wifi alisema.

"Nikamwambie nini?"

"Hakuna la kumwambia. Kaa naye tu huko huko kwenye baridi."

Nilikwenda. Tulikaa ukingoni mwa ndiva, ambayo sasa ilikuwa imefungwa na inajaa maji taratibu. Sikuomba msamaha kwa maneno mengi, maana kila neno lililokuja lilikuwa la kunitetea mimi.

Siku ya tatu tulishuka. Njia ilikuwa imekauka, gari lilitupata mapema. Karibu na Mwembe, joto lilipoanza kutupiga usoni, nilimwambia nampa radhi.

"Usinipe leo," alisema. "Leo unanipa kwa sababu una aibu. Nipe siku ya kuondoka, ukiwa umeshalala na neno hili na kuamka nalo. Na sweta nitaitoa kwenye gunia mwenyewe."

Wiki sita zilipita. Nilichojifunza Chome kuhusu nguo ni kidogo na kinaweza kumsaidia mwingine: panda ukiwa na baridi kidogo, vaa unaposimama, weka kikavu mahali ambapo maji hayafiki, usiiamini pamba. Cha pili ni kigumu zaidi kukiandika. Hofu ile ilikuwa mzigo wangu, na nilitaka mwanangu aubebe bila kujua kwamba anaubeba.

Asubuhi ya kuondoka alipanga begi peke yake, mlango umefungwa. Alikuwa ameshanisamehe, aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake, lakini mlango aliufunga. Nilikaa barazani mikono mapajani, nikasikia zipu ikivutwa mara moja tu hadi mwisho. Akatoka, akaliweka begi chini, akapiga goti mbele yangu.

"Sasa, mama," alisema. "Umelala nalo?"

"Nimelala nalo kila siku."

"Na?"

Nilimwekea mikono kichwani. Nilikuwa nimeandaa dua ndefu, ikanipotea yote.

"Naogopa," nikamwambia. "Nenda."