Mzee Mchechemeaji na Harusi ya Bunda

Enzi zetu pale Musoma, picha ya video haikuwa kitu cha kubonyeza ukiwa umejilaza. Sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Tulifua kwa majani ya mpapai na shati la shule likabaki na rangi linayoitaka lenyewe. Halafu mambo yakalegezwa, mitumba ikaingia, na jamaa mmoja wa mtaa wa Iringo akaleta deki, televisheni na jenereta. Akazungushia maturubai uani kwake, nasi Jumapili baada ya misa tukawa na ibada ya pili.

Tulipenda mapanga kuliko ngumi. Wale Wajapani wenye mavazi mapana walitazamana mpaka ukashikwa na kiu, halafu panga moja tu, mtu chini. Tafsiri haikuwepo. Kila mtu alielewa alivyoelewa, na Jumatatu njiani kwenda shule tuliwahadithia walioikosa, kila mmoja na Kijapani chake. Panga zetu zilikuwa mabua ya mtama. Mama akiiona mikwaruzo yangu alisema, "Mnaendaga kuangalia watu wanakatana, kuni za hapa anakata nani?"

Mwenzangu wa mapanga alikuwa Bwire, mtoto wa wavuvi wa Bukima aliyeishi kwa mjomba wake, jirani yetu. Kuna picha moja tuliipenda kupita zote. Mzee anayechechemea anamsubiri kijana mtanashati katikati ya mto. Wanachomoa. Mvua inaanza. Kijana anainua mguu aruke, na hapo, bila hodi, inatokea harusi ya Bunda! Bibi harusi kainamisha uso, wajomba wanakula pilau. Banda zima lilipiga mayowe. Mwenye video alikuwa amerekodi harusi ya dada yake juu ya mwisho wa picha, wala hakuona haya.

"Ningeirekodi wapi?" alitufokea. "Kaseti mnaziokotaga?"

Tukabaki na ubishi. Mimi nilishikilia kijana kashinda, maana ndiye steringi, na kila mtu alijua steringi hafi. Bwire alisema steringi ni mzee.

"Uangaliage miguu," aliniambia. "Mzee kakanyaga mchanga. Huyo wako kakanyaga jiwe, na jiwe la majini lina utelezi."

Tukawekeana ahadi: siku mwisho ukijulikana, aliyeshindwa atambeba mwenzake mgongoni kutoka Iringo mpaka ziwani, mchana kweupe, watu wakiona.

Tulikua. Yeye alirudi Bukima kwenye nyavu za baba yake, mimi nikabaki mjini na duka langu. Kila tulipokutana, hata kabla ya salamu, aliniuliza, "Mgongo wako mzima?" Nami nilimjibu, "Wako je?" Tukaendelea hivyo mpaka mvi zikatuota. Wake zetu walituona wendawazimu. Lakini tangu wazazi wangu waondoke, hakuna mtu mwingine aliyebaki aliyenijua nikiwa na bua la mtama mkononi.

Mwaka jana Bwire aliugua, akafa. Nilikwenda Bukima, nikashika pembe ya jeneza pamoja na wanawe, tukalipeleka kaburini nyuma ya nyumba. Lilikuwa jepesi, ugonjwa ulikuwa umemmaliza.

Juzi binti yangu alikuja kunitembelea, nikamsimulia ile picha. Hajamaliza chai yake, ameshaipata kwenye simu yangu. Akataka kuirusha mbele kwa kidole; watoto wa leo hawana subira hata ya kumngoja mtu achomoe upanga. Nikamwambia aiache itembee. Tukafika mtoni. Mvua ikaanza. Kijana akainua mguu, akateleza juu ya jiwe, na yule mzee, ambaye hakuwa amesogea hata kidogo, akakata mara moja tu. Kisha akaondoka akichechemea.

Nilijikuta naingoja harusi.

"Baba, ndiyo hiyo tu?" binti yangu akauliza.

Nikasema ndiyo hiyo. Aliporudi kwake nilikaa na ile simu mkononi, duka limefungwa, nikitafuta wa kumwambia, nikakosa. Siku hizi kila picha ina mwisho wake na unaupata papo hapo. Zamani hatukuupata, tukakaa tukibishana miaka yote ile, na nilikuwa na furaha.

Mgongo wangu mzima, Bwire. Nilikubeba pale Bukima bila kujua kwamba umeshinda. Ungejua, ungenicheka njia nzima.