Mbuzi wa Kulipia Linux

Mimi ni mtu wa maswali, na nisipojibiwa nakasirika. Wanafunzi wangu hapa Lodwar wanayajua yote mawili. Kwa hivyo siku laptopu yangu ilipogoma, niliihoji kwa sauti, peke yangu sebuleni, kama mtu aliyechanganyikiwa. Stima ilikuwa imepotea mashine ikiwa katikati ya kujisasisha, na betri yake ilikufa zamani. Stima iliporudi, kioo kilikuja na maneno nisiyoyaelewa, kikazima. Nikawasha tena. Maneno yaleyale.

Mitihani ningeitunga upya. Picha ningezililia kidogo, nizisahau. Lakini ndani ya laptopu ile mlikuwa na sauti ya baba yangu.

Baba ni mfugaji, kwake ni upande wa Lokori. Kwetu Waturkana mwanamume huwa na dume wake mmoja wa ng'ombe anayempenda kuliko mifugo yote. Humpinda pembe zikapendeza, humvika kengele, na humtungia wimbo. Wimbo ni wa mwenye dume. Wengine huitikia tu. Dume wa baba alikuwa wa rangi ya majivu, na ukame ulimchukua. Halafu baba naye akaugua koo, akapasuliwa, akarudi na uhai wake lakini bila sauti. Sasa hunong'ona. Bahati ni kwamba nilikuwa nimemrekodi kwa simu kabla ya ugonjwa, nikahamishia wimbo kwenye laptopu, kisha simu ile nikaiuza ninunue nyingine. Naam, niliiuza. Msinitazame hivyo.

Kila nilipokwenda kumwona nilibeba laptopu, tukaichomeka kwenye sola ya duka la jirani, naye alininong'oneza, "Niwekee niimbe." Hakusema nimwekee wimbo. Niwekee niimbe. Nikabonyeza, akaimba.

Fundi wa kompyuta karibu na soko aliifungua, akaipuliza vumbi, akaijaribu, akatikisa kichwa. "Mwalimu, dawa ni kufomati. Tunafuta kila kitu, tunaanza upya."

"Nenda ukafute nyumba yako," nikamwambia.

Haki, alikuwa mpole kunishinda. Alicheka tu. "Basi usiiguse tena. Kuna watu kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma wanatumia Linux, wako na kikundi kwenye simu. Hao wana subira na mambo kama haya. Mimi nina foleni, unaiona mwenyewe." Akaniunga palepale, akanitambulisha kuwa ni mwalimu wa Lodwar.

Neno Linux nilikuwa nimelisikia, nikidhani ni la wahandisi. Nikamuuliza ni nini hasa. Akasema ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, tena wa bure. "Bure vipi?" "Bure tu, mwalimu." Nilirudi nyumbani na hasira na hamu kwa pamoja, kwa sababu kitu cha bure huniwasha kichwa mpaka nijue nani anakitoa, na anataka nini.

Kwenye kikundi nikaandika salamu ya kwetu, "Ejok?" Nikaweka simu mezani, nikangoja. Kwetu humrukii mtu na shida zako. Unamjulia hali, naye anakujulia, mnaulizana mvua na mifugo, ndipo shida inasemwa. Nilingoja mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimeshaanza kununa mtu mmoja alipojibu, "Ejok-noi, karibu." Mwingine akasalimu kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiarabu cha Juba, mwingine akaandika, "Niaje mwalimu." Mwishowe mama mmoja akaandika: "Mwalimu, tumesalimiana muzuri. Sasa sema, mashine iko na shida gani?"

Nikamwaga yote bila aibu: stima, koo, dume, simu niliyouza. Mama yule akajibu, "Wimbo haikukufa. Iko mu disque, pale mashine inaweka vitu. Ni mulango tu ndio uliharibika. Kuja nayo Jumamosi, tutapitia nyuma."

Mpaka Jumamosi sikulala vizuri. Nilikuwa najiuliza, unawezaje kupitia nyuma ya kompyuta?

Walikutana katika chumba cha kanisa pale kambini, mabati juu, joto la kukaanga mtu, na feni moja waliyoielekeza kwenye mashine, si kwa watu. Mama mwenyewe alikuwa Mkongomani wa umri wangu, mwenye kicheko kilichotangulia maneno yake. Alikuwa akiwafundisha wanawake wenzake kompyuta hapo. Alinipa maji kwanza. Kisha akatoa flashi ndogo iliyofungwa uzi mwekundu.

"Linux yote iko humu."

"Humu? Yote?"

"Yote. Tunaiwasha kutoka kwa flashi. Disque yako haiguse, inaiangalia tu."

Akachomeka, akabonyeza kitufe, na mistari ya maandishi meupe ikaanza kukimbia kwenye kioo cheusi. Nikashika moyo. Akanigonga bega, "Usiogope, inajitafuta tu." Na kweli, ikajitafuta, ikajipata. Kioo kikafunguka safi, na laptopu ambayo kwangu ilikuwa maiti ikawa inafanya kazi kwa nguvu ya kitu kidogo kuliko kidole changu. Nikainama, nikatazama chini ya meza. Sijui nilitegemea kuona nini huko chini. Watu wakacheka, nami nikacheka.

"Sasa tafuta wewe mwenyewe," mama akasema, akanisogezea laptopu.

Nikafungua folda moja, nyingine, nyingine. Nikauona wimbo. Nikabonyeza, na sauti ya baba ikajaa chumba kile cha mabati, sauti nzima, ya kifua, ikimsifu dume wa rangi ya majivu alivyovuka mto Kerio ukiwa umefurika. Nililia, sitadanganya. Kando ya dirisha kulikuwa na mwanamume wa Sudan Kusini ambaye hajui neno moja la Kiturkana. Alisikiliza kidogo, akasimama, akainua mikono juu ya kichwa ikapinda kama pembe. "Huyu anaimbia dume lake," akasema. "Baba yangu alikuwa na wimbo yake pia."

Tukanakili wimbo kwenye flashi yangu, kwenye simu yangu, na kwenye mashine ya mama, kwa usalama. Kisha, kwa kuwa maswali yangu hayakuwa yameisha, nikaomba waniwekee Linux kabisa. Nikaambiwa hapana, nitaiweka mwenyewe, wao watakaa karibu. Nikaiweka. Mahali pa neno la siri niliandika na hakuna herufi hata moja iliyotokea. Nikabonyeza kwa nguvu, nikaigeuza laptopu juu chini, nikaipiga mgongoni ili vumbi litoke. Chumba kizima kilianguka kwa kicheko. Kumbe huwa haionyeshi. Inaandika kimyakimya ili jirani asisome. Mama akaniambia yeye alienda kuazima kibodi ya mtu mwingine kwa sababu hiyohiyo. Yule wa Sudan Kusini akakiri kwamba aliosha yake kwa maji.

"Na hii kitu ni ya nani?" nikauliza.

"Ya wote."

"Analipwa nani?"

"Hakuna. Mimi nilifundishwa na mwengine, nami nakufundisha weye."

Jibu hilo sikulielewa, na baba hakulielewa kabisa. Nilipomwekea wimbo kule Lokori aliusikiliza mpaka mwisho, mikono juu, midomo ikienda. Kisha akanong'ona, "Umewapa nini?"

"Hawataki kitu, baba."

Alinitazama kama mtu aliyezaa mpumbavu. "Watu wamenirudishia sauti, halafu umewaacha mikono mitupu?" Akaingia zizini, akatoka na mbuzi jike, mweupe mwenye doa jeusi jichoni, mmoja wa wazuri wake. Ubishi wangu wote niliutoa kwake, kwa hivyo sikubishana.

Mnajua kusafiri na mbuzi kutoka Lokori hadi Kakuma? Msijaribu. Alinilia kitambaa cha kichwa, akanikojolea begi. Nilifika mlangoni kwa mama yule nimechafuka, nimejaa fahari, nikamkabidhi kamba. "Baba anakushukuru."

Mama akarudi nyuma. "Hapana, mwalimu. Siwezi."

Wueh! Damu ilinipanda. Kwetu kukataa mnyama wa mtu ni kumwambia hutaki undugu naye. Nikasema maneno. Nikamwambia anafikiri sisi wenyeji hatuna cha kutoa, nikamwambia mzee asiye na sauti ametoa mbuzi bora kuliko wote, yeye anarudi nyuma kama ameona nyoka. Aliniacha nikamaliza. Kisha akanivuta ndani, mimi na mbuzi, akafunga mlango.

"Nikuambie," akasema polepole. "Huku kambini haturuhusiwe kufuga. Mbuzi akilia kwangu, kesho watu watasema mama huyu aliiba mnyama ya wenyeji. Watu walipigana juu ya mambo kama hii. Unaelewa?" Akamshika mbuzi sikio, akalipapasa, na uso wake ukabadilika. "Kule kwetu nilikuwa nazo. Niliacha zote zizini, mulango wazi, ili zisife njaa. Sijaguza mbuzi tangu siku ile."

Hasira ikanitoka yote, nikabaki na aibu. Nikampigia baba simu palepale. Nilikuwa na hofu atakasirika kunishinda, maana hasira hizi nimezitoa kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanong'ona, nami nikawa nayarudia maneno kwa Kiswahili: "Mwambie mbuzi ni wake. Mbuzi arudi kwangu, nitamchungia. Nitamkata sikio alama yake mwenyewe, si yangu. Akizaa ni wake. Mimi nina rafiki kule Kapedo anayenichungia wangu, sioni ajabu. Muulize anataka alama gani."

Mama aliketi kitandani. Akafikiri sana kuhusu alama ile, kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri juu ya kompyuta. Mwishowe akachora kwa kidole kwenye kiganja changu: mikato miwili midogo, kila sikio mmoja. Ilikuwa alama ya mbuzi wa marehemu mama yake.

Nikarudi Lokori na mbuzi yuleyule. Alinilia kitambaa cha pili.

Siku hizi mimi ni mtu wa Linux kwelikweli. Nimewafundisha walimu wenzangu wawili watatu, na mtu mpya akiingia kwenye kikundi na "hamjambo" peke yake, mimi ndiye hujibu kwanza, maana najua anangoja chai ikipoa. Mama naye, kabla hatujagusa habari yoyote ya kompyuta, huniuliza, "Mbuzi yangu iko aje?" Namjibu: amenona, ameumia mguu, amepona, amepanda mti. Yeye kutoka kambini hadi Lokori si safari ya kuamka na kwenda. Inataka vibali, na vibali vina mambo yake. Hajawahi kumwona tena.

Mbuzi alipozaa, alizaa mapacha. Nilimwandikia nikiwa bado zizini. Akaandika, "Mwalimu, mimi sijakuomba kitu hata siku moja. Leo naomba. Nirekodie sauti yao."

Baba hakukubali nirekodi mimi. Alishika simu mwenyewe, akachuchumaa kati ya mapacha, akawasuta kwa mnong'ono wake kwamba mwenyewe anangoja na wao wamekaa kama mawe, mpaka wakalia, na mama yao akawajibu kwa sauti nzito. Nikaituma.

Kabla jua halijapoa jibu likaja, la sauti. Nikaliweka karibu na sikio la baba, tukasikiliza wote wawili. Mama wa Kakuma alikuwa amewaweka kwenye spika za kompyuta yake, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na mbuzi wale walikuwa wakilia ndani ya nyumba yake kule kambini. Mlango ukagongwa kwa nguvu, na jirani akauliza kwa ukali ni nani anafuga mbuzi humu.

"Ni mimi!" mama akapiga kelele, akicheka, sauti ikimkatika. "Ni zangu! Ingia uzisikie, ni zangu!"