Mwendesha Kivuko wa Dakika ya Arobaini na Moja

Mlangoni mwa sinema ya Tamsett, mji mdogo kando ya mto huko Oregon, kuna karatasi iliyotundikwa ndani ya kioo. Ina sahihi mia tatu na kumi na mbili. Ya kwanza ni ya Wendell Pruitt, mwenye duka la misumari na rangi. Ya pili ni ya Delmar Lund, dereva wa basi la shule namba sita. Waliotia sahihi waliapa, miaka kumi na minane iliyopita, kwamba hakuna mtu wa Tamsett atakayeigiza kwenye filamu ya nne ya wachawi, "Duka la Mafagio".

Tatu za kwanza zilipigwa hapa hapa, na nusu ya watoto wa mji walivikwa shuka wakawa mizimu. Ya nne watengenezaji waliihamishia kwenye ghala fulani jimbo la mbali, wakamwondoa binti aliyependwa na kila mtu, wakaweka mwingine aliyeshika fagio kama mtu aliyeokota nyoka. Mji ulinuna. Ulipomaliza kununa ukaanza kucheka, na mpaka leo, kila Jumamosi ya mwisho kabla ya Halowini, sikukuu ya kujivika mizimu na wachawi, saa nane mchana, sinema hujaa kuliko inavyojaa kwa zile tatu nzuri. Watu huja na watoto wao na ndoo za peremende. Ubaya nao una wapenzi wake.

Arlene Lund, mjane wa huyo wa sahihi ya pili, amechana tiketi chini ya karatasi hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba wiki tatu baada ya kutia sahihi, Delmar aliaga anakwenda kumsalimia kaka yake mjini Boise, kumbe alikwenda kwenye lile ghala la filamu. Watengenezaji walitafuta mtu mrefu wa kuvaa vazi la mwendesha kivuko cha mizimu, na Delmar alikuwa mtu wa kuinama ili aingie jikoni kwake mwenyewe. Uso wake ulifunikwa magugu ya mpira. Akapewa maneno ya kusema, basi. "Nilitaka niwemo, Arlene," alimwambia mkewe. "Hata mara moja." Filamu ilipoanza kuzomewa alimwapisha: "Nife na siri hii. Na wewe ufe nayo."

Alikufa mwezi wa Machi, akatimiza nusu yake.

Baada ya mazishi Arlene aligundua kwamba nyumba nzima haikuwa na sauti ya mumewe. Simu ya mezani ilifuta salamu aliyoirekodi ya kuwajibu wapigaji siku umeme ulipokatika, na kamera za simu Delmar alizikimbia kama daktari wa meno. Arlene akanunua diski ya filamu ya nne, akafunga mlango, akangoja dakika ya arobaini na moja. Magugu yalikuwa ya Delmar. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwigizaji fulani, ikinguruma kama radi ya kukodi.

Akamwendea Orrin, anayeonyesha filamu, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Yule wa kivuko, mbona kwenye diski sauti ni nyingine?"

"Na wewe umeinunua ile takataka?" Orrin akacheka. "Waliifuta sauti yake, alikuwa mbovu mno. Sisi tuna mkanda wa mwanzo, ule waliotuletea kutubembeleza. Lakini umekauka kama ganda la kitunguu. Niliwaambia kamati ya sinema tuupeleke ukanakiliwe, wakaniuliza nani anahifadhi uchafu. Jumamosi hii ndiyo mwisho. Mwakani ni diski."

"Nipitishie mimi kwanza. Peke yangu."

"Bi Arlene, humo ndani kuna mpito mmoja tu. Nikiugusa mara mbili, utatazama ukuta."

Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi au kamwe. Tatizo lilikuwa kwamba dakika ya arobaini na moja watu mia mbili husimama, hutamka maneno ya mwendesha kivuko kwa sauti za kejeli, na humrushia peremende. Arlene hakuwahi kuwamo ndani dakika hiyo. Alikuwa akienda kufagia mlangoni.

Jumamosi Wendell alifika amevaa magugu ya plastiki, ndoo mkononi.

"Wendell, leo mkifika kwenye kivuko, naomba mnyamaze."

"Tunyamaze? Watu wamelipa ili wapige kelele! Kuna nini pale?"

"Nataka kusikia."

"Kusikia nini? Yule bwana anaigiza kama ubao wa kupigia pasi!" Akaona hacheki naye. Hakuwa mtu mbaya. Msibani aliwahi kuliko jamaa, na bakuli la viazi vya kuoka. "Basi nipe sababu, nikawaambie."

Sababu ilikuwa imetundikwa nyuma ya kisogo chake, ndani ya kioo.

"Sina."

"Basi na mimi sina kufuli la mdomo," alisema Wendell, akaingia.

Arlene aliingia taa zilipozimwa, akajibanza ukutani, tochi mkononi. Dakika ya thelathini na tano ndipo lilipomjia jambo ambalo lingepaswa kumjia mapema. Delmar aliwapeleka watu hawa shule miaka arobaini. Wengi wao waliijua sauti ile kabla ya kujua kusoma. Hawakuitambua kwa sababu hawakuwahi kunyamaza. Kelele zao ndizo zilizokuwa shuka lake. Waliomzomea ndio waliomsitiri. Wakinyamaza, atamsikia. Wakinyamaza, watamsikia wote.

Thelathini na nane. Mkanda ulitetemeka, picha ikaruka, na kutoka chumba cha juu Orrin akasikika akitukana. Thelathini na tisa. Arlene angeweza kutoka; ufagio ulikuwa pale pale mlangoni, ukimngoja kama kila mwaka.

Arobaini. Viti vikaanza kulia, watu wanasimama, ndoo zinainuliwa.

Akatembea mpaka mbele ya skrini. Mawimbi ya plastiki yakampita usoni.

"Toka mbele, mama!"

"Bi Arlene amepotea! Ufagio uko nje!"

Kicheko kikapasuka. Arlene akawasha tochi na kuwamulika nyusoni.

"Miaka ishirini na miwili sijawaomba hata muokote makopo yenu," alisema. "Leo naomba. Sekunde kumi."

Haikuwa heshima iliyowanyamazisha. Walishangaa tu, na mshangao ulitosha. Wendell alikuwa bado amesimama, mkono umevutwa nyuma, umejaa peremende.

"Kaeni chini wote," ilisema sauti kutoka kwenye skrini. "Hatuondoki mpaka kila mtu akae."

Ilikuwa mbovu. Ilikuwa mbovu kama walivyosema siku zote. Haikuwa na bahari ndani yake wala mauti. Ilikuwa sauti ya mtu anayetazama kioo cha dereva, Jumatatu ya mvua, asubuhi, viatu vya watoto vina matope.

Na Wendell Pruitt, mwenye miaka hamsini na mmoja, akakaa chini.

Hakukaa peke yake. Viti vililia safu baada ya safu, watu wazima wenye pua bandia za wachawi wakikaa kabla hawajajua ni kwa nini. Kwenye skrini kivuko kikaondoka.

"Hilo ni basi namba sita," mtu alisema gizani.

"Nyamaza," akajibiwa.

Filamu ilipokwisha, Wendell aliweka kidole kwenye kioo, juu ya sahihi ya pili.

"Alitia sahihi nikimtazama. Kwa kalamu yangu."

"Ndiyo."

"Bwana Lund! Mwongo mkubwa!"

"Ndiyo."

Wendell akavua magugu yake, akawa hajui ayaweke wapi. "Nimemrushia peremende miaka kumi na minane, Bi Arlene."

"Alikuwa akikaa safu ya nne," alisema Arlene, akichukua ufagio. "Alirusha kuliko wewe."