Mshono wa Pumzi Moja

Fundi alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alijivunia bila aibu: mshono wa pumzi moja. Akiweka sketi ndefu chini ya sindano, cherehani ililia mfululizo tangu kiunoni hadi kwenye pindo, bila kusimama. Wateja walimjua kwa hilo. Mdogo wake, aliyekaa meza ya nyuma akishona vifungo na kupiga pasi, alilijua kuliko wote, maana Fundi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Sasa Fundi alikuwa ametolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe. Kidonda cha nje kilikuwa kimefunga vizuri. Ndani ndiko kulikokuwa na kesi. Kila alipokanyaga pedali, kitu kilimvuta chini ya kitovu, upande wa kulia, na wiki hii kilikuwa kimeanza kuwaka moto. Hospitali walimwambia asiguse cherehani mpaka wamruhusu. Lakini wee, nani wa kumwambia Fundi?

Na msidhani ni uchu wa kazi. Mdogo wake naye alikuwa na uvimbe uleule, wa kutokwa damu mpaka akazimia juu ya meza ya pasi. Alishawahi kupangiwa upasuaji akatoroka wodini, na gauni la wagonjwa mwilini. Daktari alionya kwamba akiendelea kukwepa, ipo siku watamkosa. Safari hii alipangiwa Jumatatu. Naye akatangaza waziwazi kwamba anamtazama dada yake: akimwona amepona, ataingia, akimwona anateseka, wasimtafute.

Basi Fundi akaamua kupona kwa nguvu. Alirudi dukani kabla ya wakati. Akajifunza kukaa kitini huku akiimba, ili mguno ukimponyoka udhaniwe ni wimbo, na sauti yenyewe Mungu hakumjalia. Akiulizwa hali, alijibu kwamba hasikii kitu, kama vile aliumwa na mbu tu.

Ijumaa alikuja kazini na sweta, na jua nje linachoma. Hakuwa ameketi vizuri mdogo wake alipochukua sketi ya mteja, akaiweka juu ya cherehani na kuigeuza ndani nje. Akapitisha kidole kwenye mshono mrefu. Palikuwa na uvimbe mdogo wa uzi, mbele kidogo pana mwingine, tena na tena. Kila mahali Fundi aliposimama kuvuta pumzi, alirudisha sindano nyuma ili uzi usifumuke, kama fundi yeyote mwenye akili zake. Kazi yake nzuri ndiyo iliyomchongea.

"Hii umeshona wewe?"

Fundi akasingizia uzi, kwamba siku hizi ni mbovu. Mdogo wake akauliza kama na wa juzi ulikuwa mbovu, na wa jana, kisha akamkumbusha kwamba mficha uchi hazai.

"Mimi kuzaa nilishamaliza," Fundi akajibu.

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikamaliza yaliyobaki. Kilimkata tumboni, akajikunja, akang'ang'ania ukingo wa meza. Mdogo wake akamgusa paji la uso. Lilikuwa linachoma. Fundi akaanza kulia, na hakulilia tumbo, alililia Jumatatu.

"Usitoroke," alisema. "Yamenikuta kwa sababu sikusikia nilichoambiwa. Wewe usitoroke."

"Dada, mimi maumivu nayaogopa, sikatai. Lakini ukinidanganya wewe, nitamuuliza nani?"

Fundi akamwachia amshike mkono, wakaenda hospitali.

Hospitali waligundua usaha umejikusanya ndani. Wakautoa, wakamlaza na dawa za mshipa, na daktari akamsema mpaka akatamani kujifunika shuka. Jumamosi mdogo wake akaketi kando ya kitanda akauliza yote, na Fundi akajibu bila kutia sukari. Akamwambia habari ya kuinuka kitandani mara ya kwanza, na ya kukohoa umekumbatia mto. Akamwambia kwamba kuna siku atamchukia kila anayemuuliza hali. Akamwambia pia kwamba kwake yeye damu imekoma, na kwamba sasa analala bila kuogopa shuka za asubuhi.

Mdogo wake akasikiliza, akaaga, akaenda zake. Jumapili hakuonekana, na simu hakupokea. Fundi akageukia ukutani. Nimemfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe, aliwaza. Nimemuua mtoto wa mama yangu. Chakula kililetwa kikaondolewa kama kilivyo.

Jumatatu asubuhi mtu akasimama kando ya kitanda, amevaa gauni la wagonjwa. Alikuwa anavua herini, lakini ya pili ikamshinda. Fundi akajiinua taratibu, akamvulia.

"Nishikie."

"Ukiamka itauma," Fundi alisema.

"Najua. Si umeniambia."

Nesi akamwita, naye akaenda bila kugeuka. Fundi akabaki ameketi, herini kwenye kiganja kimoja. Kingine alikiweka tumboni, mbele ya wodi nzima, na hakuimba.