Gitaa Lililouzwa Mara Mbili

Kahawa ikimenywa hutoa harufu tamu inayokaribia kuoza, na nikiisikia hata leo vidole vya mkono wangu wa kushoto vinaanza kuwasha. Ilikuwa msimu wa kahawa nyumbani kwa Bibi, kwenye miteremko ya Meru, Baba Mkubwa aliporudi kutoka mjini na gitaa la umeme. Alikuwa amepiga dansi kwenye mabaa ya Arusha miaka mingi, kisha akaokoka, na wokovu wake ulikuwa wa kasi: ndani ya wiki moja aliacha bia, sigara na kofia. Gitaa lilikuwa jekundu, zee kiasi kwamba naamini lilipanda safina ya Nuhu. Umeme ulikuwa haujatufikia, kwa hiyo Baba Mkubwa akanionyesha ujanja: ukikandamiza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la Bibi, mbao zote zinaimba na vikombe vya ndani vinaitikia. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Nilipiga kabla ya kukata majani ya ng'ombe, nikapiga baada ya kukata, vidole vikaota sugu ngumu kama kwato. Bibi hakuwahi kunisifia. Alisema tu, "Huyu mtoto siku moja atahamia kabatini."

Wiki moja kabla ya sikukuu ya mavuno, Baba Mkubwa akatangaza mezani kwamba gitaa litakuwa sadaka yake. "Nimempigia shetani vya kutosha. Sasa limwendee Bwana," alisema huku anamega ndizi. Nililia machozi ya kujaza debe. Hakugeuka, sadaka ikishatajwa imetajwa.

Wasiojua kwetu niwaeleze. Siku ya mavuno kila mtu analeta alichonacho, mkungu wa ndizi mshare, kuku, maharage, na baada ya ibada vyote vinanadiwa nje ya kanisa. Mwenye kupenda sifa ananunua kitu, halafu anapaza sauti, "Narudisha," kinanadiwa upya, na kwaya inamwimbia.

Basi mzee wa kanisa akaliinua gitaa kwa shingo, kama alivyomwinua jogoo kabla yake. Mwenye bucha mmoja kutoka Kimandolu akapandisha dau mpaka wengine wote wakajitoa.

"Kwani unajua kupiga?" mtu akamuuliza.

"Nitalitundika buchani, juu ya mapaja ya ng'ombe. Wateja waone."

Watu wakacheka. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwaya ikamwimbia, vigelegele vikapanda hadi kileleni mwa mlima, mzee wa kanisa akamwita Suleimani wetu. Yule bwana akafumba macho, akasema, "Narudisha." Ilikuwa mazoea tu, mbuzi alirudisha, hata boga alirudisha. Alipofumbua macho niliona anatamani kulimeza lile neno, ila ameshalisema mbele ya mchungaji na mama mkwe wake.

Mnada ulikuwa unaishia, mifuko imekauka. "Nani anaanza?" Ndipo Bibi akasimama na mkungu wa ndizi aliotoka kuununua.

"Nina huu."

"Bibi, gitaa la nini kwako?"

"Kabati langu limelizoea."

Mwenye bucha akafungua mdomo. Mama mkwe wake akamkanyaga mguu. Mkungu ukapokelewa. Mzee wa kanisa, kwa mazoea, akauliza, "Unarudisha?"

"Nani, mimi? Shika ndizi zako," akasema Bibi, akanikabidhi gitaa bila kunitazama.

Siku hizi mlimani kuna umeme, na siku ya mavuno watu wanatuma dau kwa simu wakiwa Dar, kuku wenyewe hawajawaona. Mimi nina cheti cha kidato cha nne nilichokipata uzeeni kwa masomo ya jioni, nina magitaa mapya mawili, na bado hotelini napanda jukwaani na lile jekundu, limepauka kama tofali. Mwezi uliopita mgeni mmoja pale Sekei alitaka kunipa manne mapya kwa hilo moja. Zamani watu wazima kanisa zima waliamua mambo ya gitaa hilo bila mimi kufungua mdomo. Safari hii niliulizwa mimi. Nikasema hapana. Neno lilikuwa tamu, nikalirudia.