Epifania Alivyojifunza Kupapasa

Pale Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, mtu akiamka na mgongo uliokaza alipelekwa kwa Epifania. Alikuwa mjane mwenye mabega mapana, mkulima wa maharage, na viganja vyake vilijulikana hadi Kitanga. Alipasha mawese moto, akakulaza kwenye mkeka na kukukanda mpaka ulie. "Lia tu," alikuwa akisema. "Ndiyo maumivu yanatoka hayo."

Mvua za Novemba mwaka 1996 zilikuwa zimeanza alipopata barua kutoka Busunzu, upande wa Kibondo. Maximilla, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amekatwa ziwa la kushoto mwaka uliopita, pamoja na tezi za kwapani. Kidonda kilipona vizuri. Lakini sasa mkono wa upande ule ulikuwa unavimba kila siku, mzito kama gogo lililolowa. Epifania akaifunga chupa yake ya mawese kwenye kanga, akapanda lori la mihogo.

Alimkanda wifi yake siku tatu kwa nguvu zake zote, akiusukuma uvimbe kutoka vidoleni kwenda juu. Maximilla aling'ata pindo la kitenge. Siku ya nne mkono ulikuwa mwekundu, unachoma kama jiwe la jikoni, na mwenyewe anatetemeka kwa homa.

"Wifi, basi," alisema. "Niache kidogo."

Walimpakia kwenye baiskeli, wakamsukuma mpaka zahanati ya kambi ya wakimbizi, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Ndani ya hema kulikuwa na muuguzi mwembamba, Mpawenimana, aliyekimbia Burundi na ujuzi wake kichwani. Aliutazama mkono bila kuugusa.

"Nani aliukanda?"

"Mimi," Epifania alijibu, akangoja kufokewa.

Mpawenimana akamshika viganja, akavigeuza. "Mikono mizuri, mama. Ila ina haraka." Akachuchumaa mbele yao. "Damu ina moyo wa kuisukuma. Chini ya ngozi kuna maji mengine, hayo hayana moyo. Yanatembea mtu akipumua, akijinyoosha, ngozi ikivutwa kidogo tu. Vijia vyake ni vyembamba mno. Ukikandamiza, unavibana. Na kwapa hili limekatwa, kwa hiyo tutayaonyesha maji njia nyingine. Lakini si leo. Mkono wenye moto haupapaswi. Kwanza dawa, mpaka homa iishe na wekundu utoke kabisa."

Zilipita siku kumi na mbili za vidonge. Epifania hakuwa na kazi ya mikono yake. Asubuhi alikaa barazani akitazama ukungu ukipanda taratibu kutoka bondeni, migomba ikijitokeza mmoja mmoja, na bila kujua alijikuta akijipapasa shingo kwa wepesi, kwa wepesi zaidi, mpaka akashindwa kujua kama amegusa au amewaza tu.

Waliporudi zahanati, Mpawenimana alimfundisha bila mafuta. Kwanza shingo, kwenye vishimo vya juu ya mifupa ya bega. Kisha kwapa la kulia, lile zima. Kisha kifua, kuvuta ngozi kuelekea huko. Bega la kushoto baadaye, na mkono mwishoni kabisa, sehemu ya juu kabla ya kiwiko, kiwiko kabla ya vidole.

"Buhorobuhoro," alisema kwa Kirundi, yaani polepole, na Epifania, Muha ambaye kwao husemwa vivyo hivyo, hakuhitaji kutafsiriwa. "Ngozi tu, mama. Huu si unga."

Tangu hapo, kila siku baada ya chakula cha mchana, Maximilla alilala chali, mvua ikinyesha juu ya bati. Alivuta pumzi ndefu mpaka tumboni, naye Epifania akaifuata pumzi ile kwa viganja. Chumba kilijaa mwanga wa kijivu. Siku moja Maximilla alianza kucheka akiwa amefumba macho.

"Unaota, wifi?"

"Kaka yangu ananivusha mto mgongoni. Miguu yangu inagusa maji."

Epifania hakuwa amemsikia mtu akimtaja mumewe kwa muda mrefu. Mikono yake ilisita, kisha ikaendelea. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, kwa kuwa hakutaka kuondoa viganja.

Baada ya kupapasa walifunga mkono kwa bendeji, kuanzia vidoleni. Kufikia Februari mkono ulikuwa umepungua, ingawa haukulingana na wa pili, na akilima sana ulijaa tena. Maximilla alijifunza kujipapasa mwenyewe. Jumapili moja alivaa gauni lake la mikono mirefu, akaenda kanisani, akapiga makofi pamoja na wenzake.

Epifania alirudi kwake. Migongo iliyokaza aliendelea kuikanda, ila sasa aliuliza kwanza, na akiona uvimbe wenye moto alimpeleka mtu zahanati. Uvimbe usio na moto aliupapasa, na wengine walinung'unika: "Mama, mbona unanigusa tu?"

Mwaka 1999 alikuja Asmahani, mke wa mwenye duka mjini Kasulu, naye amekatwa ziwa, mkono umevimba. Alitandika kanga yake, akajilaza akiwa na wasiwasi. "Nimeambiwa unaliza watu."

"Zamani," Epifania alisema.

Kabla hajafika kwenye kiwiko, mgeni alikuwa amelala. Nje kuku walikuwa wakichakura kwenye majani ya maharage. Epifania akakaa pale pale, akipumua naye, bila kumwamsha.