Nyayo katika Nyanya za Papa Donatien

Kila mwaka nilipokuwa mtoto, kuanzia sikukuu ya Petro na Paulo mwishoni mwa Juni hadi Kupalizwa kwa Bikira Maria katikati ya Agosti, nilikuwa mfungwa. Kosa langu lilikuwa kuzaliwa. Nilizaliwa asubuhi moja ya Julai, siku ambayo majani ya dembo, lile bonde la maji nyuma ya nyumba yetu hapa mtaani Hewa Bora, yaliamka meupe kwa sakitu. Nkambo, bibi aliyenilea, aliuita weupe ule chumvi ya baridi. Kwake mambo yalikuwa wazi: mtoto wa chumvi akikanyaga bustani katika majuma yale, chumvi itamfuata.

Wageni hudhani Lubumbashi hakuna baridi. Waje Julai, wanawe uso alfajiri kwa maji yaliyolala nje, halafu tuzungumze. Nkambo alipanga bustani yake kwa baridi hiyo. Kabichi na vitunguu viliingia demboni mapema, kwa kuwa ni vigumu kama wajomba zangu. Nyanya zilisubiri Kupalizwa. Nami nilisubiri pamoja nazo, ila zenyewe hazikufungiwa kwa kufuli.

Nilipokuwa na miaka minane, jirani yetu Papa Donatien, mstaafu wa reli aliyeishi kwa pansiyo, yaani pensheni, alipanda nyanya mwezi wa Mei.

"Ile baridi ya zamani ilishakwisha, mama," alimwambia Nkambo.

"Baridi haikamataka pansiyo, Papa. Ni weye ulikamata."

Siku ya kumi na mbili ya kifungo changu, Nkambo alikuwa sokoni. Wenzangu walicheza mpira wa matambara barabarani, nami niliamua penalti zao kwa kupiga kelele kutoka ndani. Hakuna aliyenitii. Nikapita dirishani. Kichwa kilileta matata, mwili ukafuata bila shida. Leo ingekuwa kinyume.

Sikwenda mpirani. Nilikwenda demboni, kwa sababu nilikuwa nimechoka kufungwa kwa ajili ya uwezo ambao sikuwahi kuuona. Nikasimama katikati ya nyanya za Papa Donatien, udongo ukiwa umemwagiliwa sasa hivi, nikaamuru kama kamanda: "Baridi, kuya tuone." Jua likaendelea kuwaka. Nilirudi ndani nimevunjika moyo.

Asubuhi yake dembo lote lilikuwa jeupe.

Niliona yote kutoka dirishani. Kabichi za Nkambo zilisimama. Nyanya za Papa Donatien zilikuwa nyeusi, kana kwamba zimemwagiwa maji ya moto. Na kwenye udongo, kutoka nyanya zile hadi chini ya dirisha langu, kulikuwa na nyayo ndogo, kila mmoja na vidole vyake vitano. Mtaani kwetu mtoto akishatajwa kuwa mulozi, yaani mchawi, hakemewi tu. Nilimjua mmoja aliyefukuzwa kwao, akawa analala chini ya meza za soko.

Nkambo alizitazama nyayo zile. Akavua viatu. Akaweka mguu wake juu ya wa kwanza, akaukandamiza, kisha wa pili, polepole, hadi chini ya dirisha. Hapo akainua macho, tukatazamana.

Papa Donatien akafika.

"Mutoto wako wa baridi iko wapi?"

"Iko mu nyumba. Ukaulize kufuli."

"Na hii miguu?"

Nkambo akaitazama miguu yake yenye matope kama mtu anayeonyeshwa ya jirani. "Njo yangu. Nilipita mu tomati yako."

"Weye, mama? Njo weye unatukatazaka kupita mu bustani ya wengine mu baridi."

"Njo mimi."

Tangu siku hiyo wanawake wa demboni, wakiamini kwamba yeye ndiye aliyeileta chumvi, hawakumruhusu tena kupita katikati ya matuta yao. Alizunguka njia ndefu, ndoo kichwani, hadi uzee ukamzuia. Mimi hakunigombeza. Alasiri ile alipigilia ubao dirishani kwa misumari minne, kisha akanikaangia yai.

Nimetembea sana tangu hapo. Siku ya kwanza kuona theluji, Ubelgiji, nusura nibishe hodi kwa majirani kuomba radhi. Nimejifunza kwamba hewa baridi huteremka bondeni kama maji, na kwamba nyanya zile zingekufa hata kama ningekuwa mbali kule Lukafu. Namweleza mke wangu haya yote kila Julai, nikiwa nimesimama barazani, yeye akiwa kwenye matuta.

"Mbona hushuki? Miguu inakuuma?" ananiuliza.

"Nasimamia kazi."

Sakitu siiogopi. Ila Nkambo aliiamini chumvi ile kuliko alivyoiamini redio. Aliamini kabisa kwamba ni mimi niliyeileta, na bado akaweka mguu wake juu ya wangu. Mguu wangu uko chini ya wake hadi leo, na sina haraka ya kuutoa.